Sentimita Moja

Alizijua hatua zake. Hata ndani ya ukumbi ule mtupu wa ghorofa ya tatu, ambako kila kishindo kiligonga ukuta kikarudi, alizijua: mguu wa kulia mzito kidogo kuliko wa kushoto, kama mtu aliyebeba mzigo begani upande mmoja. Moyo ukamwenda mbio. Kisha akaukasirikia moyo wake kwa kumwenda mbio.

Hakugeuka. Alivuta tepu yake mpaka mwisho wa dirisha, akasoma namba, akaiandika kwenye daftari.

"Mwalimu," sauti ikaita kutoka mlangoni.

Watu wengi walimwita Mwalimu, maana ndiyo kazi iliyomweka mjini: mwaka wa sita huu alikuwa akifundisha chuoni historia ya usanifu wa majengo. Lakini hakuna aliyelitamka neno hilo kama mwanamume huyu. Kinywani mwake lilikuwa nusu utani, nusu bembelezo. Mwalimu naye alimwita Fundi, ingawa mwanamume huyo alikuwa msanifu mwenye shahada na ofisi yenye mlango wa kioo. Siku walipokutana mara ya kwanza, kwenye ujenzi wa bweni la wanafunzi, alimkuta amevua koti anamwonyesha mwashi namna ya kupanga tofali za kona. Akamdhania kibarua, akamwagiza maji ya kunywa. Bwana yule akaenda, akarudi na maji, akasema, "Mama mkubwa, kuna jingine?" Hapo ndipo yalipoanzia yote.

"Maktaba imefungwa," alilijibu dirisha badala ya kumjibu yeye. "Kama umekuja kuazima kitabu, umechelewa."

"Sikuja kuazima kitabu."

"Basi umekuja kukagua kiwanja chako. Ungesubiri Jumatatu. Mashine zikishaingia utakikuta cheupe, hakuna hata wa kukupigia kelele."

"Nimekuja kwako. Simu hupokei. Chuoni nikifika naambiwa umetoka sasa hivi. Siku kumi na moja, Mwalimu. Hata mfungwa hupewa nafasi ya kujitetea."

Sasa akageuka, na akajuta kugeuka. Fundi alikuwa amekonda. Shati lile la bluu alilomchagulia mwenyewe lilimlegea mabegani, na ndevu alizokuwa akizichonga kila asubuhi zilikuwa zimeachwa zijiendee. Lakini macho yalikuwa yale yale, macho ya mtu anayekutazama kana kwamba wewe ndiye habari njema aliyoisubiri wiki nzima. Mtu akikutazama hivyo miaka mitatu, utafanyaje usimzoee?

Maktaba hii ilijengwa na baba yake Mwalimu. Mji mzima ulimjua mzee huyo kwa jina la Mzee wa Zege, na jina lenyewe hakulichukia hata kidogo. Ujana wake uliangukia wakati ambao wasanifu wa dunia nzima walikuwa wameuchoka urembo. Walisema maua ya plasta na matao ya kuchonga ni uongo uliopakwa ukutani. Ukuta useme umetengenezwa kwa kitu gani, nguzo ionekane inabeba nini, dirisha liwe pale penye haja ya mwanga. Mzee wa Zege aliyaamini maneno hayo kama wengine wanavyoamini dini. Zege la maktaba yake hakulipiga plasta wala rangi; mpaka leo ukipitisha kiganja ukutani unazihisi nyuzi za mbao zilizolishika lilipokuwa bichi. Na nje, mbele ya madirisha yote ya magharibi, alisimamisha mapezi ya zege marefu na membamba ya kuzuia jua la jioni, thelathini na sita kwa idadi. Watu walisimama barabarani kuyatazama.

Baada yake walikuja wengine, wakasema masanduku haya ya kijivu yanatununisha. Wakarudisha nguzo na matao, safari hii kwa mzaha, wakayapaka rangi ya waridi. Baada ya hao wakaja watu wa vioo. Darasani Mwalimu aliyasema haya kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi walicheka alipomalizia: "Kila kizazi kiliapa kwamba ndicho pekee kilichouona ukweli, na kila kizazi kilianza kazi kwa kubomoa nyumba ya baba yake."

Siku hizi hakulisema tena.

"Haya, jitetee," alisema.

Fundi alisogea, akasimama upande wa pili wa meza ndefu ya kusomea, meza pekee iliyokuwa haijauzwa. "Shindano la kuchora jengo jipya la hapa lilikuwa wazi kwa kila mtu. Nilikuambia nashiriki. Ulisema nishiriki."

"Nilisema. Na nilisema ukishinda nitapiga vigelegele, hata kama nitapiga huku nalia. Baba mwenyewe alisemaje? Alisema, 'Mimi nami nilibomoa ili nijenge. Zamu ni zamu.' Hakuna aliyekununia kwa mnara wako, Fundi. Mnara wako ni mzuri. Hilo si kosa lako."

"Basi kosa langu ni nini? Nataka nikusikie ukilisema."

"Ukurasa wa kumi na nne."

Wote wawili waliujua ukurasa huo.

Miezi mitano nyuma, kipande cha zege kilimeguka kutoka kwenye pezi moja na kuanguka bustanini. Mwalimu alikuja peke yake na nyundo ndogo na bisibisi. Aligonga pezi la kwanza, likalia kama mtungi mtupu. La pili hivyo hivyo. Alichokonoa kidogo, akaikuta nondo imevimba kwa kutu, na zege lililoifunika halikuzidi sentimita moja. Kila mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza anajua kwamba zege la nje huifunika nondo kwa sentimita tatu au nne, la sivyo unyevu utaifikia tu, leo au kesho. Baba yake, aliyekuwa akimchapa vidole kwa rula akichora mstari mnene kupita kiasi, alikuwa ameipunja nondo zege makusudi ili mapezi yake yawe membamba. Siku hiyo alikwenda moja kwa moja kwa Fundi, akamlilia begani mpaka shati likaloa. Akamweleza kila kitu. Akasema, "Baba asijue kwamba najua. Itamuua."

Na katika maombi ya Fundi ya shindano, ukurasa wa kumi na nne, kamati ilisoma kwa sauti mbele ya watu: *Mapezi yote yamefunikwa kwa sentimita moja tu ya zege. Kutu imeingia. Jengo halina matumaini.* Baba yake alikuwa amekaa kiti cha mbele siku hiyo, amevaa suti.

"Kamati iliuliza swali moja tu," Fundi alisema taratibu. "Je, jengo linaweza kukarabatiwa? Mimi nilijua hali yake. Ulitaka nidanganye?"

"Nilikuambia nikiwa kifuani kwako. Sikukuambia ukaandike."

"Angeandika mwingine."

"Nani? Nani mwingine alijua?" Sauti ilimpanda, ukuta ukamrudishia. Akaishusha. "Tena nilikuambia na jambo la pili siku ile ile. Nilisema yanatengenezeka. Unavua zege, unasafisha nondo, unaivisha zege upya, kazi ya mwaka mmoja. Hilo liko ukurasa wa ngapi?"

Fundi aliutazama ubao wa meza.

"Nakuuliza, liko ukurasa wa ngapi?"

"Halipo."

"Halipo."

"Halipo, Mwalimu. Niliandika, nikafuta. Niliandika tena, nikafuta." Alijikuna ndevu. "Unajua mama yangu alizaliwa hapa? Hapa hapa, palipokuwa na kaunta ya vitabu. Nyumba ya babu yake, ya matao, yenye maua ya plasta juu ya kila mlango. Baba yako aliibomoa akiwa na miaka thelathini na mbili. Mama hajawahi kuikanyaga maktaba hii. Mimi nilipokuwa mdogo nasoma huku, nilikuwa namdanganya nimekwenda kucheza mpira. Na nilipomwambia nakuoa wewe, alisema nini? 'Mwanangu, wanawake wote waliojaa duniani, umemwona binti wa yule?' Sikuandika kwa chuki, naapa. Lakini kalamu ilipofika pale, nilimwona mama."

"Kwa hiyo mama yako amelipwa."

"Mama hajafurahi hata kidogo. Nilipomwambia nimeshinda, alisema, 'Basi na hao watalia kama tulivyolia sisi,' akaingia chumbani."

Upepo ulisukuma karatasi sakafuni. Fundi akazunguka meza, akasimama karibu naye kiasi cha kumsikia akipumua.

"Nimekosa," alisema. "Sina namna nyingine ya kulisema. Nimekwenda kwa kamati, nimewaambia jengo linatengenezeka. Wakanijibu mikataba imekwisha kusainiwa, tena nikiendelea na kelele watampa kazi mwingine na maktaba itabomolewa vile vile. Kubomoa sasa siwezi kuzuia. Lakini mimi na wewe? Mimi na wewe tumesainiwa na nani? Tuoane. Nichukie ukiwa ndani ya nyumba yangu. Nitakusubiri humo humo mpaka uchoke."

Mwalimu alitaka kucheka, akajikuta machozi yanamtangulia. Fundi akainua kidole gumba, akampangusa vumbi la zege kwenye paji la uso, polepole. Hakumkwepa. Aliinamisha kichwa kidogo tu, kiganja kikapata shavu. Na pengine angesema ndiyo. Neno lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno.

Ndipo fimbo ikasikika ngazini.

Walitengana kama watoto waliofumaniwa na sukari. Mzee wa Zege alitokea mlangoni akihema, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ukipapasa ukuta wake. Alikuwa na miaka sabini na minane, na alikuwa amekataa kusindikizwa na mlinzi.

"Ngazi mia moja na nne," alisema. "Nilizichora nikiwa na magoti ya mbuzi. Kumbe nilikuwa najitega mwenyewe." Kisha akamwona Fundi. Utani ukamtoka usoni.

"Shikamoo, baba," Fundi alisema.

Mzee hakuitikia mara moja. Alikwenda akakaa kwenye kiti cha meza ile ndefu, akalaza fimbo magotini. "Marahaba," alisema hatimaye. "Mnara wako nimeuona gazetini. Upande wa magharibi umeweka kioo chote, juu mpaka chini?"

"Ndiyo, baba. Ni kioo maalumu cha kurudisha joto."

"Kitarudisha nusu. Nusu nyingine itawapika. Weka kivuli. Hata cha bati, weka." Akatikisa kichwa. "Siwezi kuacha kusahihisha. Ugonjwa wa uzee. Nimekuja kuliaga jengo langu, lakini kwa kuwa nimekukuta, nina swali. Nijibu kiume."

Mwalimu alimsogelea haraka. "Baba, pumzika kwanza. Umepanda—"

"Mama, niache niulize." Alikuwa akimwita hivyo tangu alipozaliwa: mama. "Msimamizi wangu wa ujenzi aliniambia, 'Mzee, hii nondo iko karibu mno na nje. Itaoza.' Nikamjibu, 'Nikinenepesha pezi kwa sentimita mbili, jengo zima litakuwa na miguu ya tembo.' Nilikuwa na kiburi. Nilipenda kitu kiwe chembamba kuliko nilivyopenda kidumu. Tukalimwaga zege, tukanyamaza. Yule msimamizi amekufa miaka ishirini sasa. Watu tuliojua habari ya sentimita moja tulikuwa wawili. Mmoja yuko kaburini, wa pili ndiye mimi. Nilizeeka nayo. Mke wangu alikufa sijamwambia." Aliinua macho. "Wewe nani alikuambia?"

Mwalimu alifungua kinywa. Alikuwa tayari. Baadaye, kila alipoikumbuka siku hiyo, alijiapia kwamba alikuwa tayari, kwamba neno *mimi* lilikuwa ulimini. Lakini Fundi alimwahi.

"Hakuna aliyeniambia, baba. Nilikuja mwenyewe na nyundo. Niligonga, nikachokonoa, nikapima."

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

"Mwezi wa pili." Mzee alihesabu moyoni. "Mwezi wa pili ulikuwa ukija kwangu kila Jumapili. Ulikuwa unakaa kiti cha pembeni yangu. Ulikuwa unaniita baba."

"Ndiyo."

"Unatoka mezani kwangu, unakuja kunichokonoa mgongoni."

Fundi hakumtazama Mwalimu. Alikuwa akitazama mikono ya mzee juu ya fimbo. "Ndiyo, baba," alisema.

"Usiniite hivyo."

Uzee wote uliingia katika sauti ile. Mwalimu aliona kidevu cha baba yake kikitetemeka, jambo ambalo hakuliona hata siku walipomzika mama.

"Kunibomolea ningekusamehe," mzee alisema. "Nilikwisha kukusamehe. Kama ungekuja ukaniambia, 'Mzee, nimekuta aibu yako,' ningekupa hata mkono, ningekwambia andika. Lakini ulinyamaza ukala chakula changu. Binti yangu simtoi kwa mtu wa namna hiyo. Nikifa mtafanya mtakalo. Nikiwa hai, hapana." Akamgeukia bintiye. "Mama, una la kusema?"

Kulikuwa na nafasi. Ilikuwa pana kama ukumbi ule. Mwalimu alimwangalia Fundi, na Fundi alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine angedhani anafukuza nzi. Akamwangalia baba yake, shingo ile nyembamba ndani ya kola pana. Alifikiri: nikilisema sasa, atajua kwamba nilijua. Atajua kwamba nililitoa mimi mwenyewe. Jengo linaondoka Jumatatu, mama alishaondoka. Atabaki na nini?

"Sina, baba," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Msindikize mpaka ngazini. Muagane kama watu wazima."

Walishuka ngazi kumi na nne mpaka kwenye sehemu pana ambapo ngazi hugeuka. Jua la saa kumi na moja liliingia katikati ya mapezi na kulala sakafuni vipande vipande.

"Kwa nini?" Mwalimu alinong'ona. Alimshika shati kifuani, akalikunja ndani ya ngumi. "Kwa nini umesema vile? Nani alikutuma?"

"Ni kosa langu. Nilichukua tu kilicho changu."

"Si chako! Nilisema mimi. Mdomo ni wangu. Narudi juu sasa hivi namwambia."

"Nenda." Hakumzuia. Alingoja. Sekunde zikapita, moja baada ya nyingine, na miguu ya Mwalimu haikunyanyuka. Fundi akatabasamu, na tabasamu hilo lilimuuma kuliko kama angemtukana. "Unaona? Huwezi. Hata mimi nisingeweza. Amebakiwa na wewe tu."

"Kwa hiyo umenipa zawadi."

"Sijui nimekupa nini."

"Umenipa uongo, niishi nao. Nikiolewa nawe, kila utakapokaa naye atakuona mwizi, nami nitakuwa nimekaa katikati yenu najua mwizi ni nani. Nisipoolewa nawe…" Hakumaliza. "Ungemwacha aniulize mimi. Angenichukia mwezi, miezi miwili. Mimi ni damu yake, angerudi. Wewe hatakurudia kamwe."

"Sikufikiri mbali hivyo. Nilikuona unafungua kinywa, nikaogopa."

"Hilo ndilo jambo jema kuliko yote uliyowahi kunifanyia," Mwalimu alisema, "na ndilo lililotumaliza."

Fundi alifumbua ngumi yake taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka shati likawa huru. Mwishowe akakibusu kiganja. Hakusema nitakusubiri. Pengine alijua kwamba kumsubiri ni kumsubiri mzee afe, na mapenzi yanayosubiri kifo cha mtu huanza kunuka kabla ya maiti. Alisema tu, "Nitaweka kivuli upande wa magharibi. Mwambie." Kisha akakumbuka. "Hapana. Usimwambie kitu."

Akashuka. Mguu wa kulia mzito, wa kushoto mwepesi. Mwalimu alizisikiliza hatua hizo mpaka mlango wa chini ulipofungwa, akasimama hapo kwa muda, akajifuta uso kwa mkono wa gauni, akapanda.

Baba yake alikuwa amesimama ukutani, kiganja kimelala juu ya zege, macho yamefumbwa.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Ulimpenda sana?"

"Nampenda, baba."

Mzee alifumbua macho. Alimtazama bintiye kwa huruma kubwa mno hata Mwalimu akatamani sakafu ipasuke. "Pole, mama. Pole sana. Afadhali tumemjua mapema. Nyumba ikiwa na siri ndani yake, inaoza. Mimi najua." Akanyoosha mkono, naye akaupokea, akauweka begani kwake kama alivyozoea. Wakaanza kushuka pamoja, mzee akimwegemea mwanawe kwa uzito wake wote, akipumzika kila baada ya ngazi tatu.

"Unajua kinachonifanya nishukuru?" alisema walipofika katikati. "Dunia nzima imenificha vitu, nami nimeificha. Lakini wewe, mwanangu, hujawahi kunificha jambo hata siku moja."

Mwalimu alikaza mkono wake kiunoni mwa baba yake.

"Angalia hapo, baba," alisema. "Kuna ngazi nyingine."